SOMO: Kumtafuta mhamiaji wa Kiayalandi, kutoka simulizi za nyumbani hadi rejista za kanisa

Wapo wengi kati yetu waliooa au kuolewa Marekani na Kanada katika familia zenye asili ya Ayalandi. Watoto wakiuliza ukoo wa upande wa Afrika, anapigiwa simu shangazi, anawataja hadi babu wa babu. Wakiuliza upande wa pili wanaambiwa, "Tulitoka Cork wakati wa njaa," na habari inaishia hapo. Somo hili ni la upande huo wa pili.

Nianze na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea: usivuke bahari, yaani usianze kupekua nyaraka za Ayalandi, kabla hujapata jina la parokia au la kitongoji (kwa Kiingereza townland). Ayalandi ina kaunti 32, na ndani yake vitongoji zaidi ya 60,000. Ukiwa na jina Patrick Murphy na neno "Cork" tu, utakutana na akina Patrick Murphy tele, na utaishia kumchukua yule anayekupendeza. Miti mingi ya ukoo iliyoko mtandaoni imeharibiwa namna hiyo.

Hatua ya 1: Ipokee hadithi, kisha uipime

Mrekodi mzee wa familia kwa simu yako, wala usimsahihishe. Uliza maswali madogo yanayoshikika. Barua zilikuwa zikitoka wapi? Nani alibaki nyumbani? Walipofika, walifikia kwa nani? Walisali kanisa gani, na nani walisimamia ubatizo wa watoto? Kando ya kila habari andika nani kaisema, na yeye aliisikia kwa nani.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Mfikirie Annie Moore, binti wa Cork aliyekuwa mhamiaji wa kwanza kuandikishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York, tarehe 1 Januari 1892, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba alihamia Texas na kufia huko mwaka 1923. Familia ya Texas iliamini hivyo kwa moyo safi, na ikaalikwa kwenye sherehe za kumkumbuka Annie. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alipozifuata nyaraka, akakuta yule mama wa Texas alizaliwa Illinois. Hakuwa mhamiaji hata kidogo. Annie mwenyewe hakuondoka New York. Aliishi mitaa ya wahamiaji ya Lower East Side, akaolewa, akazaa watoto wengi, akafariki mwaka 1924. Haya yalitangazwa mwaka 2006. Hakuna aliyedanganya, ila simulizi lilimwangukia mtu mwenye jina lile lile.

Hatua ya 2: Panda kizazi kwa kizazi, ukiwa bado Marekani

Anza na aliye hai na upande juu bila kuruka mtu. Sensa ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya. Ile ya 1900 inataja mwaka wa kuingia nchini. Ya 1890 usiitegemee, karibu yote ilipotea kufuatia moto wa 1921. Hati za uraia za baada ya Septemba 1906 zina habari nyingi, hadi mahali na tarehe ya kuzaliwa. Za kabla ya hapo mara nyingi husema "Ireland" tu. Tafuta vyeti vya kifo, tanzia za magazetini na mawe ya makaburi. Waayalandi wengi walipenda kuchongewa kaunti yao, hata parokia, kwenye jiwe.

Usimfuate mtu mmoja peke yake. Ndugu, jirani, mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo mara nyingi ni watu wa kijiji kimoja. Cheti cha babu kikiwa kimya, cha dada yake huenda kikasema.

Hatua ya 3: Pale walipojitaja wenyewe

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliopotezana: mke anamtafuta mume aliyekwenda kujenga reli, kaka anamuulizia dada yake. Ili ndugu atambulike, tangazo lilitaja parokia na kaunti aliyotoka, mara nyingine meli na mwaka. Hebu fikiria uchungu uliomo katika mistari ile michache, halafu fikiria kwamba huenda mmoja wao ni wa kwenu.

Hazina nyingine ni daftari za Emigrant Savings Bank ya New York, iliyoanzishwa 1850. Ili kumtambua mteja, karani aliandika alikozaliwa, wazazi wake, ndugu zake na meli aliyokuja nayo. Vijakazi na vibarua wasiotajwa kokote kwingine wamo humo.

Hatua ya 4: Meli

Orodha za abiria wa kuingia Marekani zinaanzia 1820, lakini za zamani hazitaji kijiji. Castle Garden, kituo cha wahamiaji cha New York kabla ya Ellis Island, kilifunguliwa 1855, kwa hiyo aliyekimbia njaa ya 1845 hadi 1852 hakupitia pale, sembuse Ellis Island. Wengi walipandia meli Liverpool, na wengine walishukia Kanada kwa sababu nauli ilikuwa nafuu, ndipo wakavuka mpaka.

Hatua ya 5: Sasa vuka

Mwezi Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Hifadhi ya Nyaraka ya Dublin ililipuka na kuteketea, pamoja na sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851. Hata hivyo si kweli kwamba kila kitu kiliungua. Sensa za 1901 na 1911 zipo mtandaoni bure. Zitumie kuwatafuta ndugu waliobaki. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo kwa watu wote ulianza 1864. Rejista za Kikatoliki zimewekwa wazi na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, nyingi hadi takriban 1880. Kwa enzi ya njaa kuna Griffith's Valuation (1847 hadi 1864), orodha ya kukadiria kodi ya ardhi na nyumba, inayotaja wakuu wa kaya waliokuwa na nyumba au shamba.

Usidhani kila Mwayalandi ni Mkatoliki. Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall, Ayalandi, aliingia New York mwaka 1850 akiwa na miaka 19 na kwenda Ohio. Familia yake ilipatikana katika rejista za Kianglikana. Vizazi vitano baadaye akazaliwa Barack Obama: kwa mama ni Moneygall, kwa baba ni Kogelo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Minneapolis: Mwalimu, bibi wa mume wangu anasema jina lao lilibadilishwa na karani wa Ellis Island. Nitalipataje la asili?*

Dada yangu, makarani wa pale walifanya kazi kwa orodha zilizoandikwa kwenye bandari ya kuondokea. Jina kwa kawaida lilibadilika baadaye, kwa matamshi au kwa hiari ya mwenyewe. Jaribu kuondoa na kurudisha O' na Mc: Sullivan na O'Sullivan waweza kuwa mtu mmoja.

*Mwanachama wa Toronto: Hati inasema "King's County" na ramani haina kaunti hiyo.*

Ni Offaly ya leo. Queen's County ni Laois, na bandari ya Queenstown ni Cobh. Majina hayo yalibadilishwa karibu na wakati nchi ilipojitawala.

*Mwanachama wa Nairobi: Kaka, umri wa babu wa mke wangu hauelewani. Kila sensa ina mwaka wake wa kuzaliwa.*

Kawaida kabisa. Wengi hawakuijua tarehe yao. Acha nafasi ya miaka mitano hadi kumi kila upande, na umtambue kwa wazazi, mke na majirani.

*Mwanachama wa Boston: Je, mke wangu anaweza kupata uraia wa Ayalandi kwa njia hii?*

Ikiwa babu au bibi yake mmoja alizaliwa Ayalandi, anaweza kuomba kuandikishwa katika rejista ya waliozaliwa ng'ambo. Ikiwa ni mzazi wa babu, hafuzu kwa njia hiyo isipokuwa mzazi wake mwenyewe aliandikishwa kabla yeye hajazaliwa. Watahitaji vyeti halisi vya kuzaliwa na vya ndoa kwa kila kizazi, kwa hiyo viagizeni mapema.