Kutoa namba zisizo na alama katika lugha ya C: kipimo cha maji ya bahari, Tanga

Tuseme una kihisi kimefungwa gatini hapa Tanga, na Arduino Uno R3, kompyuta ndogo ya bodi moja, ndiyo inayokisoma. Kinapima umbali kutoka kilipo hadi usoni pa maji, kwa sentimita. Maji yakijaa umbali unapungua, yakipwa unaongezeka, na siku za bamvu tofauti ni kubwa zaidi.

Hatua ya 1: taja upana wa namba, yaani idadi ya biti. Usiandike `int` (aina ya kawaida ya namba nzima) ukaondoka. Kwenye Uno ni biti 16, inaishia 32,767. Kwenye laptopu nyingi ni biti 32. Tumia `stdint.h`, iliyoingia C mwaka 1999:

```
uint16_t awali = 310;
uint16_t sasa  = 95;
```

`u` ya mbele (unsigned, bila alama) maana yake hakuna hasi: 0 hadi 65,535. Umbali haushuki chini ya sifuri, kwa hiyo aina hii inafaa.

Hatua ya 2: toa. Hapa ndipo penye kazi.

```
int32_t tofauti = sasa - awali;
```

Laptopu itakupa -215, maji yamepanda. Uno itakupa 65321, yaani bahari imeshuka zaidi ya nusu kilomita! Kabla ya kutoa, C huzipandisha namba fupi ziwe `int`, mradi `int` iweze kubeba thamani zake zote. Ya laptopu inaweza. Ya Uno haifiki 65,535, basi hesabu inabaki bila alama, na ikipita sifuri kwenda chini inazunguka: 65,536 kutoa 215. `int32_t` ya kushoto inapokea jibu lililokwisha haribika. Kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) nayo kimya, hata ukiwasha maonyo yake kwa `-Wall -Wextra`.

Hatua ya 3: badilisha kabla ya kutoa.

```
int32_t tofauti = (int32_t)sasa - (int32_t)awali;
```

Ukiandika `(int32_t)(sasa - awali)` umerudi palepale.

Hatua ya 4: kagua mizunguko ya kurudi nyuma. `for (uint8_t i = 9; i >= 0; i--)` haiishi kamwe; baada ya 0 inakuja 255. Andika `for (uint8_t i = 10; i-- > 0; )`. Kosa hili `-Wextra` inalisema.

Ila usikimbilie kutumia aina zenye alama kila mahali. `millis()`, inayohesabu milisekunde tangu Arduino iwashwe, hurudi sifuri baada ya siku 50 hivi, na `millis() - mwanzo` (`mwanzo` ni hesabu uliyoihifadhi awali), zote zikiwa `uint32_t`, bado hutoa muda sahihi kwa sababu ya kuzunguka kulekule. Hiyo iache kama ilivyo.