Usiiamini flashi kabla ya kuijaribu

Flashi mpya ijaze kwanza, ndipo uipe kazi. Zipo zinazojitangaza kuwa na GB 128 kumbe chipu iliyomo ni ya GB 8: majina ya faili yanaonekana, ukizifungua hazisomeki. Ikiwa bado tupu, tumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi huijaza data za majaribio, kisha huzisoma upya na kukuonyesha zilizoharibika. Huenda ikachukua saa kadhaa, basi iache ifanye kazi usiku kucha.

Hata iliyo halisi huchakaa, kwa kuwa kila seli ya kumbukumbu huhimili idadi fulani tu ya kuandikwa na kufutwa. Ikikaa kabatini miaka bila umeme, chaji inayoshikilia data huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo.

Kompyuta ikikuambia uifomati flashi yenye faili zako, kataa, wala usiandike chochote juu yake. Chukua taswira yake nzima, yaani nakala ya kila kilichomo, kwa programu ya ddrescue, ufufue faili kutoka kwenye taswira hiyo, si kwenye flashi yenyewe.

Kuichomoa ghafla ndiko kunakoua faili nyingi: kompyuta inasema imemaliza kunakili, kumbe sehemu ya data bado iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Itoe kwa amri (Eject) kwanza, ndipo uichomoe.