Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: anzeni na majina

Madiwani wanapenda kutuambia vijana tusio na ajira "tuchangamkie fursa". Fursa yenyewe ndiyo hii: kila halmashauri Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuwakopesha wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2), bila riba. Ilisitishwa 2023 baada ya vikundi hewa kuzidi, ikarejea 2024, na sasa karatasi zinakaguliwa hasa.

Kwa vijana na wanawake mkopo ni wa kikundi. Tafuteni watu mnaoaminiana, maana mmoja akitoroka, deni linabaki kwenu. Fanyeni kikao, andikeni muhtasari na katiba, chukueni barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkasajiliwe. Mpigieni simu kwanza. Akiwa semina, na huwa semina sana, mlango wa ofisi hautawaambia lolote.

Sasa penye maumivu: jina. Cheti chetu cha usajili kilisema "Vijana Amkeni". Benki, tulipofungua akaunti ya kikundi, mhudumu akaongeza "Group" mwishoni, eti ndivyo mfumo wao unavyopenda. Halmashauri ikaona vikundi viwili tofauti. Benki ikasema cheti kirekebishwe, kata ikasema akaunti irekebishwe, na dirisha la maombi likafungwa tukiwa katikati. Kwa hiyo fungueni akaunti mkiwa na cheti mkononi, na msiondoke kaunta kabla ya kusoma jina lililochapishwa, herufi kwa herufi. Majina ya wanachama nayo yanakiliwe kutoka kitambulisho cha taifa (NIDA). Mwanahamisi wa NIDA akiandikwa Mwanahamis kwenye katiba, mtarudishwa.

Andiko la mradi msinunue steshenari. Yale ya kuku yanafanana hadi makosa ya tahajia, na maafisa wameshayakariri. Andikeni mnachokifanya tayari, mnauza kwa nani, na marejesho ya kila mwezi yatatoka wapi. Hapo ndipo maswali yatakapolenga maafisa watakapokuja kuwatembelea. Siku hiyo wanachama wote muwepo, hata yule anayedai yuko msibani.

Maombi hujazwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Mkishatuma, chukueni namba ya ombi na muitunze. Ukiulizia bila namba, jibu ni moja: "Linashughulikiwa."