Somo: Kumpendekezea msomaji kitabu kipya cha maktaba

Kitabu kipya kinaweza kukaa rafuni miezi bila kuguswa, kwa sababu tu msomaji wake hakuambiwa kuwa kimefika. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliandika kanuni tano za maktaba. Mbili ndizo nguzo yangu: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake.

Hatua ya 1: Kifahamu kitabu. Usipopata nafasi ya kukimaliza, soma yaliyomo, sura ya kwanza na kurasa kumi za katikati. Hizo za katikati usiziruke. Mwanzo hupambwa, katikati ndiko utaona kama hadithi ina pumzi. Angalia pia mwaka wa kuchapishwa. Kinachoitwa kipya huenda ni chapa mpya ya kitabu cha zamani. Kwa riwaya haidhuru, kwa kitabu cha tiba au sheria inadhuru sana.

Hatua ya 2: Msikilize msomaji. Ukimuuliza "unapenda vitabu gani?" atakujibu "vyovyote". Muulize ni kitabu gani kilimchelewesha kulala, na kilimshika wapi. Dada mmoja aliniambia amependa riwaya ya upelelezi, nami nikawa nimeshachomoa nyingine ya upelelezi. Nilipomdadisi, kumbe muuaji hakumjali hata kidogo. Alichopenda ni ndugu wawili waliokuwa wakigombana na kupatana. Nikairudisha ile rafuni, nikampa riwaya ya familia. Siku ya tatu alikuja kuuliza kama mwandishi yule ana nyingine.

Hatua ya 3: Tazama umri, lakini tazama mtu kwanza.

Mtu mzima mpe viwili au vitatu achague mwenyewe: kimoja karibu na alichozoea, kimoja pembeni kidogo. Asiyeona vizuri mtafutie chenye maandishi makubwa, pointi 16 (kipimo cha ukubwa wa herufi) au zaidi.

Kijana zungumza naye mwenyewe, hata kama mzazi amesimama pale akimjibia. Mweleze hadithi inaanzia kwenye tatizo gani, uishie hapo. Ukianza kumtajia mafunzo yaliyomo, umempoteza.

Kwa mtoto, kisome kwa sauti kabla ya kukitoa. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa hiyo ni kazi ya dakika chache, na ulimi utakwambia sentensi ipi inakwama. Kwa anayeanza kujisomea, tumia vidole: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno lisilomwelea. Vikikunjwa vyote vitano, hicho asomewe kwanza.

Hatua ya 4: Andika kikaratasi. Sentensi mbili au tatu, ukichomeke kitabuni. "Kitabu kizuri sana" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Kinaenda polepole, kina huzuni, ila mwisho wake unatuliza. Kinamfaa aliyependa hadithi za bahari."

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mwanangu anaazima kitabu kilekile kila wiki. Nimkataze?*
Hapana, mama. Kurudia kunamjengea wepesi wa kusoma na kumpa raha. Mwongezee kingine kando, usimnyang'anye kile.

*Binti yangu wa miaka 13 anataka riwaya za watu wazima. Nifanyeje?*
Isome wewe kwanza, au msome pamoja. Ugumu wa lugha si tatizo kubwa. Angalia yale yanayosimuliwa, kisha mzungumze. Wewe ndiye unayemjua.

*Nikimpendekezea mtu kitabu, akakirudisha hajakipenda?*
Muulize alikomea ukurasa gani na kwa nini. Jibu hilo litakuelekeza kwenye kitabu kinachofuata kuliko sifa zozote.

*Kitabu ninachokitaka hakipo. Nawezaje kuomba kinunuliwe?*
Mwandikie mkutubi jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Tangu 2007 namba hiyo ina tarakimu 13; kabla ya hapo zilikuwa 10. Inakili kwa makini, maana chapa ya jalada gumu na ya jalada laini zina namba tofauti. Kisha ongeza mstari mmoja kueleza ni wasomaji gani wanakisubiri.