Siku ya kumwaga zege, kaa kwenye pipa la maji

Mwenye nyumba akifika saiti siku ya slabu, mara nyingi hukimbilia kuhesabu nondo na mifuko ya saruji. Nondo zilitakiwa kuhesabiwa jana, injinia alipokuja kukagua. Leo chukua kiti, kaa jirani na pipa la maji, na usinyanyuke hata wakikuita kula. Mimi ni fundi, kazi zangu nyingi ziko Kigamboni na Mbagala, na zege bovu ninaloitwa kuliangalia kwa watu mara nyingi liliharibikia hapo kwenye pipa.

Mfuko wa kilo 50 ungetosheka na lita 12 au 13 za maji ili saruji ishike. Mengine tunayaweka ili zege lichanganyike na lipenye kati ya nondo. Hayo ya ziada yakishakauka yanaacha vitundu ndani. Mmarekani mmoja, Duff Abrams, alilionyesha hilo kwa vipimo kule Chicago mwaka 1918: maji yakizidi ukilinganisha na saruji, nguvu inashuka. Kutoka lita 25 kwa mfuko hadi 35, unaweza kupoteza theluthi ya nguvu au zaidi, na kwa macho huoni chochote. Tena zege la majimaji hulala vizuri, linapendeza kuliko lile zuri.

Kwanza pima. Karai halipimi kitu. Moja limejaa kichuguu, lingine limefika nusu njiani. Mwambie seremala apige sanduku lisilo na kitako kwa mbao za inchi 1 kwa 10, ndani liwe na urefu wa sentimita 40, upana 35 na kina 25. Hilo linabeba lita 35, ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mfuko unakula masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yakikwanguliwa juu kwa ubao. Mchoro wa injinia ukitaka 1:1.5:3, basi ni moja na nusu na matatu. Fuata mchoro, si mazoea ya fundi, hata kama fundi mwenyewe ni mimi. Kwa 1:2:4 mita moja ya ujazo inamaliza mifuko sita na kitu, kwa hiyo slabu ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 15 ni mifuko kama 95. Fundi akikwambia 60 zinatosha, muulize anapunguza wapi.

Maji anza na ndoo moja ya lita 20 kwa mfuko, kisha ongeza kwa jagi la lita moja, na usivuke 27. Mchanga ukiwa umenyeshewa tayari una maji yake, kwa hiyo anza chini zaidi. Na maji yenyewe yaonje. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi inakula nondo kimyakimya miaka kadhaa kabla hujaona kutu. Mchanga wa ufukweni hivyo hivyo, hata ukipewa bure.

Kujua kama zege limekaa sawa, tengenezesha koni ya bati: kimo sentimita 30, chini upana 20, juu 10, juu na chini pawe wazi. Iweke juu ya bati bapa, jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka ulichome mara 25 kwa kipande cha nondo ya milimita 16, sawazisha juu, halafu inyanyue taratibu wima. Zege likishuka sentimita 7 hadi 10, mwaga. Likilala kama uji, lirudishe: ongeza mchanga, kokoto na saruji kwa vipimo vilevile.

Sasa watakuja. "Bosi, zege gumu hili, ongeza maji kidogo." Usiwagombeze, kwa sababu hawadanganyi, kulivuta zege zito kwa koleo juu ya ghorofa kunavunja mgongo, na kibarua analipwa kumaliza. Dawa ni kuongeza watu na kukodi mashine ya kushindilia, maana zege lililobaki na hewa ndani linadhoofika kama lile la majimaji. Siku hizi kuna pia dawa za kulainisha zege bila maji, kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Ukiagiza zege la gari, ugomvi unahamia kwa dereva: limekaa foleni, limeanza kukaza, naye anataka kufungua bomba. Kataa. Panga lifike alfajiri, na lililopita saa moja na nusu tangu lichanganywe lisipande juu.

Likishamwagwa, mambo yanageuka: sasa ubahili wa maji ndio kosa. Soma mfuko. Ukiona CEM II/B, kati ya asilimia 21 na 35 si klinka (ile saruji yenyewe iliyochomwa tanuruni), ni mawe ya volkano, chokaa au vingine. Si saruji mbaya, mimi naitumia. Lakini inakomaa polepole, na inataka unyevu wa muda mrefu zaidi. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu yake baada ya siku 28, herufi R maana yake inawahi kupata nguvu, N ni ya kawaida. Kesho yake asubuhi zungushia matuta ya mchanga juu ya slabu, ujaze maji yasimame sentimita 3 hadi 5. Kunyunyizia asubuhi na jioni kwa jua la Januari ni kujifurahisha. Siku 7 ndiyo mwisho wa chini, kwa CEM II/B nenda 14. Nguzo zivalishe magunia yaliyoloa. Boza la maji lilipie kabla ya siku ya zege, usisubiri bomba likatike.

Mirunda ndiyo inayoleta haraka, hasa ikiwa ya kukodi. Mbao za pembeni zinaweza kutoka baada ya siku mbili. Chini ya slabu ngoja 14, chini ya bimu 21, na injinia akisema zaidi, ni zaidi. Unapotoa, anzia katikati ya chumba ukienda kwenye kuta. Kibaraza kinachoning'inia ni kinyume: anzia ncha ya nje, rudi ukutani.