Kufuatilia Afya ya Mwili kwa Mwanafunzi Anayesoma Oulu, Kaskazini mwa Ufini

Mwanafunzi anayefika Oulu mwezi wa Agosti akitokea Mwanza, Kampala au Mombasa hukuta siku ndefu na hali ya hewa isiyotisha, na huo ndio wakati wa kupima afya, wala si Januari. Madhara ya majira ya baridi huingia polepole, na asiye na vipimo vya awali hukosa cha kulinganisha atakapoanza kuchoka bila sababu ya wazi.

Kwanza lipa ada ya huduma ya afya ya wanafunzi. Anayesomea shahada na kujiandikisha kuwa yupo masomoni huilipa Kela, taasisi ya hifadhi ya jamii ya Ufini, kila muhula, mwisho ukiwa 30 Septemba na 31 Januari. Hakuna ankara itakayokufikia, kwa hiyo ni juu yako kukumbuka. Huduma yenyewe hutolewa na YTHS, shirika la afya ya wanafunzi nchini Ufini.

Katika daftari moja andika uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo yaliyohesabiwa asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Uzito na mapigo yarudie kila wiki. Shinikizo la damu, ambalo kwa watu wengi hupanda kidogo wakati wa baridi, lirudie kila mwezi. Vipimo vya maabara, kama vile wingi wa damu, hufanywa mhudumu akiona haja, hivyo mweleze dalili zako pamoja na tarehe zilipoanza. Neno "nimechoka" peke yake halimsaidii sana.

Suala la vitamini D linastahili uangalifu wa pekee. Mwishoni mwa Desemba jua la Oulu huchomoza yapata saa nne na nusu asubuhi na kuzama saa nane mchana, na kuanzia Oktoba hadi Machi miale yake ni dhaifu mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini hiyo. Ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi hata wakati wa kiangazi. Maziwa ya huko huongezwa vitamini D, lakini asiyekunywa maziwa wala kula samaki atahitaji vidonge. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa namna hiyo ni mikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya giza. Usivuke mikrogramu 100 kwa siku bila agizo la daktari. Kipimo cha damu kikionyesha chini ya nanomoli 50 kwa lita, omba ushauri. Usijiongezee dozi kwa kufuata maneno ya wenzako wa bwenini.

Jambo jingine ni kwamba maelezo mengi ya afya yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kipima oksijeni cha kidoleni huweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko hali halisi kwa mwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo ukihema kwa shida usitulizwe na namba nzuri. Vivyo hivyo, usisubiri wekundu ili kutambua kwamba baridi imeudhuru mwili: gusa masikio, pua na vidole, na ukikuta sehemu iliyokufa ganzi, ngumu au yenye rangi ya kijivu, ingia ndani. Usiisugue, wala usiipake theluji. Itumbukize katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, mradi huna safari ya kurudi kwenye baridi.

Mwenye selimundu ajihadhari zaidi, kwa kuwa baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali. Atoke nyumbani na barua ya daktari wake kwa Kiingereza, inayotaja ugonjwa, kiwango chake cha kawaida cha wingi wa damu na dawa anazotumia, kwa kuwa anaweza kupokewa na mhudumu ambaye hajawahi kumtibu mgonjwa wa aina hiyo.

Usiku, kabla ya kwenda hospitali kwa jambo lisilohatarisha maisha, piga 116117 upate ushauri. Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au kuzimia ni vya kupiga 112 papo hapo.