Kuipachika intigrali kigezo ili ifunguke

Tuchukue ∫₀¹ (x² − 1)/ln x dx. Ukiivamia kwa intigrali ya sehemu, unaikoroga zaidi. Mkorofi hapa ni ln x aliyekaa kwenye asili, basi tutafute kitakachomfuta.

Hatua ya 1: Pachika kigezo (parameta), yaani herufi unayoweza kuibadilisha thamani. Derivativu ya xᵃ kwa kufuata a ni xᵃ ln x. Kwa hiyo 2 iliyo kwenye kipeo iwe a:

I(a) = ∫₀¹ (xᵃ − 1)/ln x dx, na tunachotaka ni I(2).

Kagua ncha kwanza. Kwenye x = 1 unaona 0/0, lakini kikomo chake ni a; kwenye x = 0, a ikiwa chanya, thamani inashuka hadi 0. Hakuna panapolipuka.

Hatua ya 2: Tafuta derivativu ndani ya intigrali, kwa a na si kwa x. ln x inakatana na ln x:

I′(a) = ∫₀¹ xᵃ dx = 1/(a + 1), kwa a > −1.

Hatua ya 3: Rudi ulikotoka. I(a) = ln(a + 1) + C. Hii C ndiyo husahauliwa mara nyingi. Weka a = 0: kiasi kinakuwa sifuri, I(0) = 0, hivyo C = 0. Jibu ni ln 3 ≈ 1.0986.

Hatua ya 4: Pima kwa namba. Kwenye x = 0, 0.5 na 1 thamani ni 0, 1.082 na 2. Kanuni ya Simpson, inayokadiria intigrali kwa nukta chache, inatoa (0 + 4 × 1.082 + 2)/6 ≈ 1.055. Kwa nukta tatu tu, si haba.

Wengi huiita mbinu ya Feynman, mwanafizikia, ingawa kanuni yenyewe ni ya Leibniz, mwanahisabati aliyemtangulia.

Shida huanzia pale kigezo kinapowekwa mahali pabaya. Kwa ∫₀^∞ (sin x)/x dx, mkono hukimbilia sin(ax). Derivativu yake inakuachia ∫₀^∞ cos(ax) dx, ambayo inayumba bila kutulia popote. Zidisha kwa e⁻ᵃˣ badala yake, iwe I(a) = ∫₀^∞ e⁻ᵃˣ (sin x)/x dx, a > 0:

I′(a) = −∫₀^∞ e⁻ᵃˣ sin x dx = −1/(1 + a²)

I(a) = C − arctan a.

Safari hii C haipatikani kwa a = 0, maana I(0) ndiyo inayotafutwa. Ipeleke a kwenye ∞: I(a) inakufa, C = π/2. Kisha ishushe a hadi 0 kutokea upande wa chanya, upate π/2.